Ramani, VOR, GPS au sauti ya mnarani: utegemee kipi ukirusha ndege ndogo?

Marubani wapya wanaokodi ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, huniuliza swali lilelile wanapopanga safari yao ya kwanza ya mbali bila mkufunzi pembeni. Ninunue tableti yenye GPS? Nirudie masomo ya VOR, vile vituo vya redio vya ardhini? Au ramani ya karatasi niliyofundishiwa inatosha? Leseni wameipata juzi, pesa yao ni ya kuhesabu, na kila wanayemuuliza anakisifia kifaa alichonacho yeye.

Hapa nitalinganisha vitu vinne, si vitatu. Cha nne ni kuomba msaada kwa redio kutoka kwa waongoza ndege, hiyo sauti ya mnarani. Marubani wengi hukiona kama kushindwa, jambo la kufanya baada ya vifaa vyote kukataa. Mimi nakihesabu kuwa kifaa cha kuonyesha njia kama vile vingine: kina gharama yake, kina namna yake ya kutumika, kina mahali kinapofika na mahali kisipofika.

Tunavipima kwa nini

Vigezo ni vitano. Kwanza, gharama na muda wa kujifunza. Pili, kazi kinayokupa angani, maana mikono ni miwili na mmoja umeshika usukani. Tatu, kinafika wapi. Nne, kikiharibika kinakuambia, au kinanyamaza? Hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Kifaa kinachozimika waziwazi kinakuachia nafasi ya kufanya jambo. Kinachoendelea kukupa habari za uongo kinakupeleka mlimani nawe umetulia. Tano, kinakusaidiaje pale utakapobonyeza kitufe cha redio ukaulizwa uko wapi?

Ili mizani iwe moja, chukua safari moja: Wilson hadi Malindi kwa Cessna 172. Ni maili kama 230 za baharini (maili zote humu ni hizo), saa mbili na dakika chache hewa ikiwa tulivu. Unaondoka kwenye uwanja ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na nchi inateremka mbele yako mpaka pwani.

Ramani ya karatasi, dira na saa

Gharama ni ndogo: ramani, rula, protrakta, penseli na saa ya mkono. Muda wa kujifunza ndio mrefu, kwa sababu unajifunza kuisoma nchi yenyewe. Katika safari yetu nchi inasomeka vizuri. Reli inakuchukua kutoka Athi River kupitia Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei, na tangu 2017 ziko mbili sambamba, ya zamani na SGR yenye tuta lake refu. Vilima vya Chyulu viko kulia. Mbele kidogo, upande wa kushoto, unaona uwanda wa Yatta, lava iliyoganda ikanyooka karibu kilomita 300, na mto Athi ukipita chini yake. Athi unakutana na mto Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia bahari unaitwa Sabaki, na unamwaga tope lake baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Ukiushika mto huo huna haja ya umeme wowote kuupata mji.

Ndivyo walivyoruka watu wa kwanza. Beryl Markham, aliyeanzia urubani wake hapa Kenya, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi mnamo Septemba 1936 bila redio, akatua kwenye kinamasi huko Nova Scotia.

Kazi yake angani ni kubwa. Kila baada ya dakika kumi unalinganisha ardhi na karatasi, unapiga alama, unaandika saa. Ukiacha, upepo haukungoji. Kusi ikikupiga ubavuni kwa maili 13 kwa saa, nawe hukuupimia, baada ya saa moja uko maili 13 kushoto kwa njia yako. Inafika popote unapoiona ardhi, lakini moshi wa nyasi zinazoungua, ukungu wa joto, au mawingu ya chini yanayofunika Nairobi asubuhi za Juni hadi Agosti vinaifunga kabisa.

Kuharibika kwake ni kwa polepole na kimya: kosa linakua bila kengele. Ila lina kipimo. Wakufunzi hufundisha kuchora duara lenye nusu kipenyo sawa na asilimia 10 ya umbali uliotoka alama ya mwisho ya uhakika. Umeruka maili 40? Basi uko ndani ya maili 4 kutoka pale unapodhani. Na ukiita redio, alama hiyo ya mwisho pamoja na saa yake ndiyo habari bora unayoweza kumpa mwongoza ndege.

Inamfaa mwanafunzi, anayeruka mchana kwenye hewa safi, na anayependa kuijua nchi anayopita juu yake. Haimfai mtu aliyechoka au aliye peke yake kwenye njia asiyoijua, hasa penye viwanja vya nyasi vinavyofanana.

VOR, na mzee wake NDB

VOR ni kituo cha redio ardhini kinachotoa miale 360 kama spoki za gurudumu la baiskeli. Unachagua mwale, na mshale kwenye dashibodi unakuonyesha kama uko kushoto au kulia kwake. Kikiwa na DME, unapata umbali pia. Gharama kwa anayekodi ni sifuri, kwani ndege nyingi za kukodi zinacho tayari. Kinachohitajika ni mazoezi, maana mtu asipokitumia miezi sita anaanza kuchanganya kwenda kituoni na kutoka kituoni.

Kazi yake ni ya wastani: weka masafa, sikiliza herufi za Morse, zungusha duara, fuata mshale. Hizo herufi za Morse usiziruke. Kituo kikiwa kwenye matengenezo huondolewa kitambulisho chake, kwa hiyo mshale unaweza kuchezacheza kana kwamba kila kitu ni sawa huku sikioni hakuna kitu. Mawimbi yakidhoofika bendera ndogo inatokea kwenye kifaa. Katika vifaa vyote vinne, hiki ndicho kinachokiri ugonjwa wake kwa uaminifu zaidi, mradi ujue pa kuangalia na pa kusikiliza.

Kufika kwake kunategemea kimo chako, kwa sababu mawimbi yake huenda moja kwa moja na hayapindi mlima. Ukiwa futi 1,000 juu ya usawa wa kituo unakipata kwa maili kama 39. Ukitaka mara mbili ya hapo, panda mara nne: futi 4,000 zinakupa maili kama 78. Redio ya kuzungumza inafuata kanuni hiyohiyo, kwa hiyo kumbuka hesabu hii, tutarudi kwake. Usahihi nao unapungua kadiri unavyokwenda mbali: kosa la nyuzi moja ni maili moja ukiwa maili 60 kutoka kituoni.

Ukiita msaada, VOR inakupa lugha ambayo waongoza ndege wanaiishi. "Niko mwale wa 320 kutoka Mombasa, maili 70" ni sentensi fupi isiyo na utata.

NDB nayo ni kituo cha redio cha ardhini, cha zamani zaidi. Mshale wake unaelekea kituoni tu, basi, na penye ngurumo huvutwa kuelekea kwenye radi. Ijue, lakini usiijengee safari.

VOR inamfaa anayeruka kati ya viwanja vikubwa, anayejiandaa kwa leseni ya kuruka kwa vifaa, na yeyote anayetaka shahidi wa pili wa GPS. Marekani imekuwa ikipunguza vituo vyake, lakini kwa makusudi imebakiza mtandao wa kutosha kutumika GPS ikikatika. Kwa anayekwenda kiwanja cha nyasi katikati ya mbuga haisaidii sana, kwani hakuna kituo kilichojengwa karibu na tembo.

GPS ya tableti

Tangu tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyaharibu makusudi mawimbi ya kiraia, GPS imekuwa sahihi kwa mita chache. Ikipata setilaiti nne inakupa mahali na kimo. Gharama ni tableti, ada ya programu kila mwaka, na kibebeo cha kuishikiza. Angalia jambo moja kabla ya kununua: iPad ya waifai pekee haina kipokezi cha GPS ndani yake, na wapo walioligundua hilo wakiwa wameshaketi kwenye ndege. Nunua yenye nafasi ya laini ya simu, au ongeza kipokezi cha nje.

Kazi yake ni ndogo kuliko zote. Ndege yako inatembea juu ya ramani, anga zilizozuiwa zinaonekana, kiwanja kilicho karibu kinapatikana kwa kidole kimoja. Inafika kila mahali, hata kwenye kiwanja cha nyasi ambacho lazima ukipitie chini mara moja kufukuza pundamilia kabla ya kutua. Sina neno baya juu ya hayo. Kwa rubani aliye peke yake, kupunguziwa mzigo kichwani ni usalama halisi.

Tatizo ni kigezo cha nne. Mwaka mmoja, mwezi Februari, nilikuwa nakwenda Malindi na shemeji yangu. Jua lilikuwa linapiga dashibodi moja kwa moja. Mtito Andei ilikuwa nyuma yetu na tulikuwa tumeiacha reli, tukiikata Tsavo Mashariki kwa futi 5,500, ukungu wa moshi kila upande. Kioo cha tableti kikawa cheusi na picha ya kipimajoto ikatokea katikati. Mtengenezaji anasema iPad itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35; ndani ya kioo cha Cessna mchana wa Februari hiyo inapita mapema. Niliishika, ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Ramani ya karatasi ilikuwa mapajani mwangu, lakini alama ya mwisho niliyopiga ilikuwa Kibwezi, dakika 25 nyuma. Muda wote huo nilikuwa naangalia kioo tu.

Nilikaa kimya dakika nane. Nasema hivi kwa sababu dakika hizo ndizo ninazozijutia, si tableti. Shemeji ndiye aliyevunja kimya: "Shemeji, mbona umebadilika uso?" Nikamwambia ukweli, na kule kumwambia yeye kulinifungua mdomo. Nikageuza ndege kusini, kwa sababu kusini lazima nikute mto Galana, na nikiukosa nitakuta reli na barabara ya Voi. Kisha nikabonyeza redio. Jibu halikuja mpaka nilipopanda hadi futi 7,500. Mombasa ilikuwa maili zaidi ya 90, na ile hesabu ya kimo na umbali ndiyo iliyokuwa inanizuia. Dakika kumi baadaye shemeji alinyoosha kidole: "Ule si mto?" Ulikuwa mto, wa rangi ya udongo, na tuliufuata kushoto mpaka baharini.

Kipo kibaya kuliko kuzimika. Katika mashariki ya Mediterania na eneo la Ghuba, marubani wamekuwa wakikuta mawimbi ya GPS yamezibwa au yameghushiwa, ndege ikionyeshwa mahali isipokuwepo huku kioo kikiwaka vizuri. Wenzetu wanaoruka kutokea Oman na nchi jirani wanapaswa kulichukua hili kama hali ya kawaida ya kupangia safari.

Ukiita msaada ikiwa hai, GPS inakupa mahali sahihi kuliko chochote. Ila usisome mlolongo wa tarakimu za latitudo redioni. "Maili 20 kaskazini-mashariki ya Voi" inaeleweka mara moja.

Inamfaa karibu kila mtu, kwa sharti moja: penseli iendelee kupiga alama.

Sauti ya mnarani

Gharama: hakuna. Redio unayo, na transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada, unayo. Kazi: sentensi moja. Kwa nini basi watu huchelewa?

Nadhani sababu ni mbili, na zote ni zetu. Ya kwanza ni kujikaza. Tumelelewa kuwa mtu mzima hapigi kelele. Lakini mficha maradhi kifo humfichua, na angani maradhi hayo yana kipimo cha mafuta kinachoshuka. Ya pili ni lugha. Redio za anga huku kwetu huzungumza Kiingereza, na hofu humnyang'anya mtu Kiingereza kwanza kabla ya kitu kingine. Dawa yake ni kuiandika sentensi yako kwenye kadi kabla hujaondoka na kuisema kwa sauti nyumbani mara ishirini. Kumbuka pia kuwa neno Mayday lenyewe si la Kiingereza kwa asili: lilitengenezwa miaka ya 1920 kutokana na Kifaransa cha "nisaidieni", ili litamkike kirahisi na mtu wa lugha yoyote aliye na hofu.

Kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni swali la kawaida: sina uhakika na mahali nilipo, naomba msaada wa mwelekeo. Hakuna neno la pekee linalohitajika. Ya pili ni Pan-Pan, mara tatu: nina shida, lakini uhai haujawa hatarini sasa hivi. Kupotea ukiwa na mafuta ya saa mbili ni Pan-Pan. Ya tatu ni Mayday, mara tatu: hatari ni kubwa na iko hapa. Kupotea ukiwa na mafuta ya dakika ishirini ni Mayday, hata kama injini inanguruma vizuri. Baada ya neno hilo taja unayemwita, namba ya ndege, tatizo, unachotaka kufanya, mahali ulipo au alama yako ya mwisho na saa yake, kimo, mwelekeo, na idadi ya watu ndani. Kama tayari unaongea na kituo fulani, ongea nacho hichohicho. Kama huna, ni masafa ya dharura, 121.5. Kwenye transponda weka namba ya dharura, 7700. Redio ikifa, 7600.

Kinafika wapi? Palepale pa VOR, kwa hiyo panda kwanza kama mawingu yanaruhusu. Wasipokusikia ardhini, ndege za abiria zilizo juu mara nyingi husikiliza 121.5, na zikiwa futi 35,000 zinasikia mbali mno. Rubani wake atafikisha ujumbe wako.

Udhaifu wake usemwe pia. Mwongoza ndege anaweza asikuone kwenye rada ukiwa chini. Anaweza kukupa mwelekeo, lakini mawingu na milima bado ni ya macho yako: Ngong na Nyandarua hazimsikilizi mtu wa mnarani. Na kadiri unavyomwita mapema ndivyo anavyokuwa na vitu vingi vya kukupa. Ukimwita na mafuta ya saa moja anaweza kukuchagulia kiwanja. Ukimwita na mafuta ya dakika tano anachoweza ni kuandika mahali injini yako ilipozimika.

Inamfaa nani? Rubani mwenye saa 40 za kuruka na mwenye saa 4,000.

Kulingana na hali yako

Kama bado ni mwanafunzi, anza na karatasi na saa, na muombe mkufunzi akuache ufanye mwito halisi wa kuomba mwelekeo, mchana, hewa ikiwa safi, kwa ruhusa ya mnara. Tableti inaweza kungoja mpaka uweze kufika bila hiyo.

Kama unakodi ndege wikendi kwenda Malindi, Lamu au Diani na unarudi Jumapili, GPS iwe ya mbele, ikae kivulini na si juu ya dashibodi, na penseli ipige alama kila dakika kumi. VOR iwekwe kwenye masafa sahihi hata kama huifuati, ili siku moja ya kioo cheusi mshale uwe tayari.

Ukivuka mpaka, tuseme Wilson kwenda Zanzibar ukiipita Kilimanjaro yenye futi 19,341, usiiache safari mikononi mwa kifaa kimoja. Mlima huo hujifunika mawingu mapema, na ndege ndogo haiupandi.

Ndugu aliye Uingereza ana bahati ambayo huku hatuna: kwenye 121.5 kuna kitengo cha kijeshi kinachoweza kukuambia ulipo, na kinakubali uombe hivyo kwa mazoezi tu. Kitumie kila baada ya miezi michache. Aliye Marekani anaweza kuomba kufuatwa na rada safari nzima hata akiwa anaruka kwa macho. Wakiwa na nafasi, watakubali, na siku ya shida tayari wanakujua kwa jina la ndege yako.

Na kama ni saa kumi na moja na nusu jioni, uko juu ya mbuga, kiwanja unachokitafuta hakina taa, na huku kwetu jua likishazama giza halikawii, usijaribu kifaa kingine. Panda, bonyeza, sema namba ya ndege, sema hujui ulipo, na sema mafuta yamebaki ya dakika ngapi.